Siku za Kutoka

Baada ya khitma, majamvi yamekwishakunjwa
na masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe,
Mama alinipa ufunguo wa kasha.
"Tazama," akasema, "kama mna hati ya shamba."
Hati haikuwamo.
Mlikuwa na joho lililoliwa na nondo begani,
miwani iliyofungwa kwa uzi wa kofia,
na daftari la shule, jalada la kijani,
lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.

Wete nzima ilimjua Jaji Khatibu Faki Mshindo.
Ilimjua kwa kukohoa mara mbili kabla ya hukumu,
kwa baiskeli aliyoipanda hata alipopewa gari,
kwa ile kesi ya mikarafuu iliyokatwa usiku,
alipokwenda mwenyewe kuhesabu visiki,
suruali kaikunja magotini,
karani nyuma yake analalamika viatu.

Sisi tulimjua vyengine.
Tukigombana, mimi na Mgeni,
kwa ukoko wa wali au zamu ya kuteka maji,
tukimwendea na ushahidi wetu na viapo vyetu,
hakutusikiliza.
"Mimi ni baba yenu. Nina upande.
Najitoa katika shauri hili.
Nendeni kwa mama yenu."
Na Mama, ambaye hakusoma sheria,
alitupiga sote wawili,
shauri likaisha.

Alipostaafu akajifunza kushona kofia.
Vitobo vyake vilikwenda upogo.
Kila mjukuu anayo yake, na hakuna iliyomkaa mtu sawa;
siku ya Idi walizivaa zote, zimewafika masikioni,
kwa kuwa babu anatazama.

Nimelifungua daftari.
Mna siku zetu za kuzaliwa,
ada za chuo, sindano ya surua ya Mgeni,
na katikati yake, kwa wino uleule,
majina ya watu nisiowajua:

Hamad Shaame, karafuu pishi sita. Kutoka: Mfunguo Tano.
Mwinyi Kombo, kisu. Kutoka: mwaka wa nane, baada ya mavuno.
Time binti Makame, fedha za ushirika. Kutoka: Jumatatu.

Ndipo nikazikumbuka siku zile
ambazo hakwenda popote.
Alikoga mapema, akavaa kanzu ya Ijumaa na si Ijumaa,
akaufungua mlango wa mbele, ubao kwa ubao,
akakaa ukumbini anautazama.
Tulidhani anaumwa.
"Kuna mtu ametoka leo," alisema.
"Akitaka kuja kunisema,
asikute pamefungwa."

Wengi hawakuja.
Mmoja alipita, akatema mate kizingitini, akenda zake.
Baba alichukua kata ya maji, akaosha,
akakaa tena.
Hamad Shaame alikuja na mkungu wa mkono wa tembo.
Wakala pamoja, kimya, mpaka sahani ikawa nyeupe,
kisha wakabishana juu ya mpira
hadi adhana ya alasiri.

Liko jina moja halina tarehe.
Mbele yake ameandika: *amefia ndani*.
Hakulikata. Chini yake, mwaka baada ya mwaka,
neno moja tu: *saumu*.
*Saumu*. *Saumu*.
Mwaka wa mwisho mkono umetetemeka,
herufi zimemwagika nje ya mstari.

Nikamuuliza Mama: alikosea?
Mama alikuwa anapeta mchele.
Alipeta ungo mzima kabla ya kunijibu.
"Mimi nilikuwa nampikia futari," akasema.
"Sikuwa mahakamani."

Hati ya shamba hatujaiona mpaka leo.

Ukurasa wa mwisho, jina moja bado.
Kutoka: mwezi ujao, tarehe tisa.
Nimeshaomba ruhusa kazini.
Bawaba za mlango nimezitia mafuta,
maana ubao wa kushoto ulikuwa unalia.
Uso wa mtu huyo siujui,
wala sijui kama kapata habari
kwamba aliyemfunga katangulia.
Nitakoga mapema.